Chiriku Wawili

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Sikumlilia mwimbaji. Nilimlilia paka.

Nisamehe, najua barua huanza kwa salamu, lakini maneno hayo yamenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki, na niliogopa nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia. Sasa yametoka. Shikamoo, shangazi. Natumaini hujambo, na joto la chumba cha kufulia huko ugenini halikusumbui sana.

Huku sote tu wazima. Mama bado yuko zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha mikate, anarudi na unga kichwani utadhani amezeekea njiani. Anajua kwamba nakuandikia. Huuliza tu kama unakula vizuri. Baba ni yule yule. Bado anajaza misumari mdomoni anapowamba masofa, na ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Mimi, kama unavyojua, shule nimemaliza, nasubiri matokeo, na kwa sasa nimepata kibarua kwenye duka la fotokopi. Mwenye duka tunamwita Mama Kopi. Yeye ndiye aliyekubali barua zako zipitie sanduku lake la posta, maana nyumbani, unajua mwenyewe, jina lako halitajwi mbele ya baba.

Sasa lenyewe. Chiriku amekufa. Chiriku wetu, wa miguu minne. Nilimkuta asubuhi kwenye karakana ya baba, ndani ya sofa lisilo na kitambaa, amejikunja kati ya springi kama kawaida yake. Nikamwita kwa sauti ya chini jinsi tulivyozoea. Hakutikisa sikio. Alikuwa amezeeka, shangazi; uliniachia nikiwa darasa la pili. Nilimfunga kwenye sweta langu la shule nikamzika nyuma ya tangi la maji. Sikulia. Niliosha mikono, nikafagia vipande vya sponji, nikafua vitambaa ambavyo havikuwa vichafu, nikavianika, nikaviondoa kabla havijakauka. Sikuweza kutulia mahali.

Alasiri ndipo yaliponishinda. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikalia mpaka kwikwi. Baba akatokea, akasimama juu yangu, akauliza kwa pembe ya mdomo, "Una nini?"

Nikasema, "Chiriku amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kulitamka jina hilo mbele yake. Tulilijua mimi na wewe tu. Kwa baba yule alikuwa "mnyama", adui wa vitambaa.

Basi baba akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaitia kwenye kopo. Akakaa karibu nami. "Nimesikia," akasema. "Nimesikia sasa hivi." Nikashangaa, nani amemwambia? Akaendelea, "Mtu kama yule hazaliwi mara mbili." Nikawaza, mtu? Akasema, "Tangu nikiwa kijana namsikiliza. Asubuhi bila sauti yake si asubuhi." Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Redio ya jirani na redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara zilikuwa zinapiga wimbo mmoja, na mtangazaji akaingia kati akasema kwamba mwimbaji Chiriku amefariki dunia.

Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini baba alikuwa ameniwekea mkono kichwani, shangazi, mkono unaonuka gundi, na sikumbuki mara ya mwisho mkono huo ulifika pale. Nikaufunga mdomo.

Sasa mtaa mzima unasema binti wa fundi sofa ana moyo, analia kwa mambo yenye maana, si kama vijana wengine wa siku hizi. Kinyozi akiniona ananipisha njia. Na kila jioni baba ananiwekea kigoda cha mteja karibu na redio yake ya kaseti, ananiita, tunasikiliza Chiriku pamoja. Mimi na baba. Hajawahi kuniita kwa jambo lolote isipokuwa kushika upande wa pili wa kitambaa. Na ukweli ni kwamba muziki wenyewe unanichosha. Nikimwambia, kigoda kitaondoka. Nisipomwambia, paka wangu hana matanga.

Wako,
binti wa kaka yako


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na kazi inakwenda. Mashine ya kukamulia imeanza kutembea. Ikizunguka inasogea mpaka mlangoni kama inayotaka kurudi kwao, na msimamizi ametuambia tuikalie. Basi wanawake wawili wazima, tena mmoja ana wajukuu, tunapandishwa juu ya mashine kila ikikamua mashuka, tunatikisika mpaka meno yanagongana. Mwambie mama yako ninakula, ila mikate ya huku ni hewa iliyookwa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole sana. Huyo paka nilimwokota siku ya mvua, chini ya gari lililokuwa halijiwezi. Alikuwa analia kwa mpangilio, anapanda na kushuka, anapumzika, anaanza ubeti mpya. Ndipo nikampa hilo jina. Kumpa paka jina la ndege, nilijua kuna siku litaleta matata, ila nilidhani yatampata yeye.

Nikuambie kitu. Kwa siku nyingi kabla barua yako haijafika, wenzangu walikuwa wananiuliza, mbona macho mekundu? Nikawaambia ni sabuni. Barua ilipofika nikawaambia, paka wangu amekufa. Wakanielewa hapo hapo. Mmoja akanishika bega, mwingine akanimalizia mashuka yangu bila kuombwa. Waimbaji wetu hawawajui huku, lakini kila mmoja amewahi kuwa na mnyama wake.

Kuhusu yule mwingine sina la kusema. Kaka yangu akipiga kanda zake, sikiliza au usisikilize. Kukaa na baba yako si dhambi. Ila usikae muda mrefu kwenye kiti cha mtu mwingine. Kiti nacho huzoea makalio.

Msalimie mama yako.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika imelowa pembe moja, lakini maneno yote yamo. Mama alicheka habari za mashine mpaka akashika ukuta, akasema angekuwepo naye angepanda. Matokeo bado. Baba ana kazi nyingi: hoteli imemletea viti vya ukumbi mzima, na karakana imejaa miguu ya viti inayotazama juu, hata pa kupita hakuna.

Dukani ni Chiriku kutwa nzima. Picha ni ile ile moja, ameinua kidevu, amefumba macho. Wengine wanaitaka ya rangi, wengine ya kulamineti kwa plastiki, wengine ya kubandika kwenye kioo cha gari. Juzi alikuja mwanamume mmoja akasema, "Nitolee Chiriku mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?" Mama Kopi akamuuliza.

"Wa kujaza mlango."

"Mlango wa sebule au wa choo? Maana vipimo havilingani."

"Mama, mtu amekufa, huna hata huruma?"

"Huruma ninayo, baba. Karatasi za ukubwa huo ndizo sina."

Mimi kazi yangu ni kukata pembe kwa kisu. Mama Kopi alipotoka kwenda kula, nilichukua picha pekee niliyo nayo ya Chiriku wetu. Kwa kweli ni picha ya mama amesimama mlangoni, ila chini, pembeni kabisa, umeingia mkia na nusu ya mgongo. Nikauweka mkia kwenye mashine, nikaukuza. Nikaukuza tena uliokuzwa. Nilidhani nikiendelea nitafika mahali nimwone. Mwishowe zikatoka karatasi mbili za madoa meusi, kama wino umemwagika. Nilisikia viatu vya Mama Kopi, nikaikunja moja na kuificha ndani ya kiatu, nikashinda siku nzima natembea juu yake.

Jumapili baba aliuliza. Alikuwa anapima kitambaa, akasema, "Siku hizi vitambaa vyangu vinapumua. Yule mnyama yuko wapi?"

"Hayupo."

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Atarudi akiona njaa," akasema, akagonga msumari.

Nilitoka nikazunguka mtaa, nikafika kwenye duka la rangi, nikageuka, nikazunguka tena. Niliporudi nilikaa kwenye kigoda, kwa sababu alikuwa ameshaniita. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nakumbuka kwamba kuna mahali napaswa kukaa.

Kuna wimbo mmoja ambao kila jioni baba anaurudisha nyuma. Si mzuri, shangazi, hata mimi nisiyejua muziki nauona. Chiriku anaimba habari za mwavuli aliousahau kwa mtu, na gitaa linakwenda kama lina haraka ya kuwahi chakula. Lakini katikati wanaingia waitikiaji, na kati yao kuna sauti ya kike inayochelewa kidogo nyuma ya wenzake, kama mtu aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu. Hapo baba anasimamisha nyundo. Kisha anarudisha kanda. Nilimuuliza, "Huyo anayeitikia ni nani?"

"Yupi?"

"Huyo anayechelewa."

"Waitikiaji ni wengi," akasema, akajaza misumari mdomoni. Pengine wewe unamfahamu, maana wakati huo ulikuwa kijana.

Na kuna jambo baya zaidi. Kinyozi na baba na rafiki zao wanaandaa jioni ya kumkumbuka Chiriku kwenye ukumbi wa mtaa, mwisho wa mwezi wa tano. Wanataka niseme maneno machache kwa niaba ya vijana. Mimi, ambaye darasani niliitika "nipo" kwa sauti ndogo mpaka mwalimu akaniandika sipo. Baba amekubali kwa niaba yangu. Amekubali kwa fahari, ungemwona. Nikienda, nitadanganya kwenye maikrofoni. Nikikataa, ataniuliza kwa nini. Nifanyeje?

Wako,
binti wa kaka yako


22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu na sina sababu nzuri ya kukupa, kwa hiyo nakupa iliyopo: mashine ilihama kabisa, ikang'oa bomba, ikatubidi tufue kwa mikono mpaka fundi alipopatikana. Vidole vyangu vimekuwa kama vya mtu aliyeokolewa majini. Yule mwenzangu mwenye wajukuu ameahidi kuacha kazi, kama anavyoahidi kila mwezi. Mama yako mwambie salamu zake zilifika zikiwa bado za moto.

Umeniuliza ufanyeje. Sema una mafua. Watu husamehe mafua upesi kuliko ukweli. Ukisimama pale ukasema usichokihisi, utakisema vizuri, na hilo ndilo baya lake. Watapiga makofi, na kesho watakuomba tena.

Umeniuliza na mengine pia. Mimi mambo ya muziki niliyaacha zamani. Huo wimbo wa tatu, upande wa pili, siukumbuki vizuri. Nadhani hata haukupendwa na watu.

Huku kumeanza kupoa. Hiyo picha ya mkia nitumie, hata kama ni madoa.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, baba hajambo, matokeo bado. Salamu zimeishia hapo, kwa sababu naandika juu ya kaunta na kuna watu wanasubiri.

Nilikuandikia habari za wimbo. Sikusema ni wa tatu. Sikusema ni upande wa pili. Nimeirudia barua yangu kichwani neno kwa neno, sikusema. Jana nilingoja baba aende kununua sponji, nikaitoa kanda nikaigeuza. Ni wa tatu, upande wa pili.

Je, ni wewe? Niambie ndiyo au hapana tu, sitauliza zaidi. Kila jioni nakaa pale nasikiliza, na sasa sijui namsikiliza nani. Baba yeye anajua, nina hakika, anasikiliza kwa shingo. Nimeanza hata kupoteza kazi. Leo nimemkatia mteja Chiriku nusu kidevu, Mama Kopi akaniuliza kama kisu kimeota miguu.

Mkia nimeuweka ndani ya bahasha hii. Niliukunja mara nne tu.

Binti wa kaka yako


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mkia umefika. Nimeubandika ukutani juu ya pasi kubwa. Mwenzangu anasema ni ramani ya mto, msimamizi anasema ni uchafu, nimewaambia wote kwamba ni marehemu.

Swali lako lipeleke kwa mwenye redio. Mimi niliwahi kuulizwa swali la ndiyo au hapana, na ukoo mzima umesimama sebuleni unangoja jibu. Tangu siku hiyo maswali ya namna hiyo siyajibu, hata yakiulizwa na mtu ninayempenda.

Usinichukie kwa ufupi wa barua hii.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sikuchukii. Niliisoma barua yako nikitembea, nikagongana na nguzo ya umeme, nikaiomba msamaha.

Huku wazima. Mama amehamishiwa zamu ya mchana na hajui afanye nini na asubuhi zake. Anaamka na jogoo, anatukagua vitandani kama askari. Matokeo yametoka. Nimefaulu, si kwa kishindo. Mama Kopi aliyalamineti bila kuniuliza, sasa hata kuyakunja nikutumie siwezi.

Sikusema nina mafua. Jumatano kabla ya ile jioni, baba alipotaka kuwasha redio, nilisimama kutoka kwenye kigoda nikasema, "Baba, siku ile sikumlilia mwimbaji. Chiriku ni jina la paka wangu. Alikufa siku hiyo hiyo. Nimemzika nyuma ya tangi." Nilisema yote kwa pumzi moja, huku natazama redio.

Baba aliuondoa mkono wake kwenye redio. Akakichukua kile kigoda, akakipindua, akaanza kukiwamba, na kesho yake mteja mwenyewe akaja kukichukua. Siku mbili hatukusikiliza kitu. Nyundo tu. Mimi nilikuwa naingia chumba hiki natoka kile, mama akaniambia nitatoboa sakafu. Nilitaka maneno yangu yarudi nyuma kama kanda. Nilijiambia, si ulijua kitaondoka? Basi kimeondoka. Haikunisaidia.

Jumamosi baba alitangulia ukumbini bila kuniita. Nikamfuata, sijui kwa nini. Kulikuwa na viti vya plastiki, na ile picha ya kufumba macho kila ukuta. Zile zilizopinda upande mmoja ni kazi yangu. Watu walisema, wakacheza kidogo, wakafuta macho. Kisha kinyozi akashika maikrofoni. "Sasa tumsikie binti wa fundi sofa," akasema, "ambaye machozi yake tuliyaona kwa macho yetu."

Nikasimama. Vichwa vyote viligeuka, mtoto mmoja akasema, "Mbona hasemi?" akafinywa. Ndipo baba, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akasimama akageuka.

"Binti yangu amefiwa," akasema. "Hataweza kusema. Mtusamehe."

Akakaa.

Amefiwa. Mtu husemwa amefiwa akipoteza mzazi, au mume, au ndugu wa tumbo moja. Sijawahi kumsikia mtu akilisema neno hilo kwa ajili ya paka. Watu walidhani wameelewa, na kinyozi akavua kofia. Waliojua ni sisi wawili tu. Nilikaa chini nikalia, na safari hii nilimlilia niliyetaka kumlilia, mbele ya watu wote, bila kujificha kwenye ngazi.

Tulirudi kwa miguu. Tukalipita duka la rangi.

"Kwa hiyo jioni zote zile ulikuwa unanivumilia," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hata ule wa tatu."

"Huo hasa."

Akaenda hatua kadhaa. "Ni mbovu," akasema.

"Sana."

"Hata yeye mwenyewe nadhani alijua. Chiriku nilimpenda, usidhani vingine. Lakini siku ile alikuwa na njaa."

"Sasa mbona unaurudia?"

"Na wewe mbona ulikuwa unakaa?"

"Kwa sababu uliniita."

Tukavuka barabara. Halafu akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo mengine kabisa, "Huyo shangazi yako hajawahi kuingia kwa wakati. Hata tulipokuwa wadogo, tukiimba, sisi tuko ubeti wa pili yeye ndiyo kwanza anavuta pumzi."

Akanieleza. Nadhani si yote. Kwamba siku moja kina Chiriku walihitaji sauti ya kike ya kurekodi, ukaenda na rafiki yako, ukarudi na chupa ya soda mkononi na kicheko kisichoisha. Kwamba wimbo ulipotoka redioni aliwaita ndugu wote, akakuuliza mbele yao kama utaacha kuimba, ndiyo au hapana. Nikamwambia, "Lakini baba, wewe mwenyewe ulimpenda Chiriku." Akasema, "Kumsikiliza nilipenda. Dada yangu asimame nyuma yake watu wamtazame, hapana. Siku hizo nilikuwa na maneno mengi." Hukujibu, akasema. Ulikwenda kukunja nguo zako. Kanda aliinunua wiki uliyoondoka, akaificha kwenye gunia la sponji, na mama alijua siku zote.

Hakusema anaomba radhi. Nakuandikia alichosema, sitaki kukiongezea hata chumvi.

Tulipofika mlangoni akanishika mkono. "Haya ya ule wimbo usimwambie mtu," akasema. "Hasa yeye."

"Nani?"

"Unayemwandikia."

Kigoda hakijarudi, kiko kwa mwenyewe. Lakini jana jioni baba aliita, "Njoo," na nilipofika hapakuwa na pa kukaa, nikakaa juu ya springi za sofa alilolifungua, zikanichoma. Hakuwasha redio. Alitaka nimweleze paka huyo alikuwa wa namna gani. Nikasema alikuwa wa kijivu. Akasema, "Kijivu nakijua, nilikuwa nakitoa kwenye vitambaa. Tabia." Nikamweleza tabia. Mama alituita chakula mara tatu, ya tatu akatumia jina langu la shule.

Leo asubuhi ameniuliza anwani yako, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Nimempa. Sijui kama ataandika. Akiandika ataanza na mvua na bei ya sponji, na huenda akaishia hapo hapo. Usimcheke. Na usimwonyeshe hata kidogo kwamba unajua anasimamisha nyundo ukiingia. Hii ni ahadi ya kwanza aliyowahi kuniomba, nami nimeivunja kabla gundi haijakauka, na sijatulia tangu nilipoanza ukurasa huu. Nimeinuka na kukaa mpaka Mama Kopi ameniuliza kama kiti kina moto. Lakini nisingeweza kukuacha huko unadhani wimbo haukupendwa na mtu.

Basi tafadhali, shangazi. Hata siku moja mkija kukaa meza moja na kucheka, wewe hujui kitu. Ukishasoma, maneno haya yasitoke kwenye chumba hicho cha kufulia. Usimwambie hata mwenye wajukuu.